Kupima mzigo wa familia inayouguza mgonjwa wa akili: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili, wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii wanaohangaika na dodoso la utafiti wao, na ndugu wenyewe wanaouguza nyumbani ambao wameshikishwa fomu kliniki wakajiuliza hii nayo ya nini tena. Nimeyachanganya makusudi. Mwanafunzi akisoma maswali ya ndugu atajua anamsumbua mtu gani, na ndugu akisoma ya mwanafunzi atajua zile namba zinaenda wapi.

Mzigo wa moyo unapimwaje? Kwani ni mchele huu?

Unapimika, na watu wameanza kuupima zamani, miaka ya 60. Kule Uingereza hospitali kubwa za wagonjwa wa akili zilikuwa zinapunguza watu wanarudishwa kwao, sasa ikabidi mtu aulize huko kwao kunaendaje. Mwaka 1966 watafiti wawili, Hoenig na Hamilton, wakaleta mgawanyo ambao mpaka leo karibu kila dodoso limejengwa juu yake. Kuna mzigo unaoonekana kwa macho: hela zilizotoka, siku za kazi zilizopotea, vyombo vilivyovunjwa, binti aliyeacha shule abaki nyumbani na kaka yake, usiku ambao hamkulala. Halafu kuna mzigo wa ndani, yaani mwenyewe anavyojisikia juu ya hayo yote, aibu, hasira, uchovu, hofu ya kesho, kujilaumu kwamba labda ni mimi nilimlea vibaya.

Wa kwanza hata jirani anaweza kuuhesabu. Wa pili mpaka mwenyewe aseme.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanadhani mizigo hii miwili inapanda na kushuka pamoja. Haipandi pamoja. Unakuta nyumba imeuza kiwanja, baba kaacha kazi, na ukimuuliza anakwambia ni mwanangu bwana, nitafanyaje, na kweli analala usingizi. Nyumba ya pili mgonjwa anakunywa dawa vizuri, hasumbui mtu, gharama ni nauli tu, lakini dada yake ana hofu kiasi kwamba simu ikilia anaruka. Ukipima upande mmoja tu utamwacha mmojawapo, na ukijumlisha pande zote mbili ukapata namba moja unaweza kuwaacha wote wawili maana wanaweza kutoka na alama sawa kabisa.

Kumwita mgonjwa mzigo si kumtukana?

Ungemwita hivyo ingekuwa tusi kweli. Ila kinachopimwa ni kazi ya kuuguza na vile kazi hiyo ilivyogawanywa, mgonjwa mwenyewe hapimwi. Mgonjwa yuleyule akiwa kwenye nyumba yenye watu wazima wanne wanaopokezana, na dawa zipo kituo cha jirani, mzigo unakuwa mdogo. Mhamishie kwa bibi mmoja mwenye presha, dawa hakuna mpaka hospitali ya rufaa, mzigo ni mkubwa, na mgonjwa hajabadilika chochote. Kwa hiyo ukimweleza mtu kwa nini unauliza, mwambie hivyo: tunataka kujua wewe umebeba nini na nani angeweza kukusaidia. Usimwambie "tunapima mzigo wa mgonjwa wako", nimeona watu wakinyanyuka wakaondoka, na sikuwalaumu.

Kwa nini tupime, si tuwasaidie tu?

Kwa sababu msaada ni mdogo na watu ni wengi, halafu anayelia sana kliniki siye lazima aliyezidiwa. Sababu ya pili ni bajeti. Huku kwetu familia ndiyo wodi, mgonjwa analazwa Mirembe kule Dodoma au Lutindi kule Korogwe au Mathari kule Nairobi kwa muda, halafu maisha yake yaliyobaki yote yanaendeshwa na watu wa nyumbani, bila mshahara, bila zamu, bila likizo. Kazi hiyo haionekani kwenye daftari lolote la serikali. Kisichoandikwa hakipangiwi hela, wanaokaa vikao vya halmashauri wanajua.

Madodoso yako mengi, nichague lipi?

Inategemea unamuuliza nani na kuhusu ugonjwa gani. Haya ndiyo utakutana nayo sana.

Zarit ndilo maarufu kuliko yote. Lilitengenezwa Marekani na Steven Zarit na wenzake mwaka 1980, likiwa na maswali 29, baadaye likapunguzwa mpaka 22, na lipo fupi la maswali 12 pia. Shida yake ni moja ambayo wanafunzi wengi hawaisemi kwenye ripoti: lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Ndiyo maana linauliza kama ndugu yako anakutegemea sana, kama anaomba msaada kuliko anavyohitaji. Sasa kijana mwenye skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, shida yake mara nyingi ni kinyume, hataki msaada, anakataa dawa, anatoka usiku hamjui yuko wapi, anagombana na majirani, na Zarit haliulizi hayo. Linatumika bado, na kwa kulinganisha na nchi zingine linafaa, ila usilitumie peke yake ukasema umemaliza.

Mimi nikiulizwa huwa nasema angalieni ya India. Kuna la Pai na Kapur, lilitoka mwaka 1981 kule Bangalore, na lilitengenezwa kwa familia zinazokaa na mgonjwa nyumbani, familia pana, kipato kidogo, watu ambao wengine hawajui kusoma. Lina vipengele 24 kwenye maeneo sita: hela, ratiba za nyumbani, mapumziko ya familia, mahusiano ndani ya nyumba, afya ya mwili ya wengine, na afya ya akili ya wengine. Mwishoni kuna swali moja la jumla kuhusu anavyojisikia mwenyewe. Eneo la hela peke yake utafikiri liliandikwa Mbagala: kipato cha mgonjwa kilichokatika, kipato cha mwingine aliyeacha kazi kumwangalia, gharama za matibabu, gharama za mipango mingine, mikopo na akiba iliyoliwa, na mambo mliyopanga yakaahirishwa. Kila kipengele ni 0, 1 au 2, kwa hiyo juu kabisa ni 48.

India hiyohiyo kuna lingine la shirika la SCARF la Chennai, la mwaka 1998, maswali 40, kila moja lina majibu matatu, alama zinaanzia 40 mpaka 120. Hilo limejikita zaidi kwenye mzigo wa ndani. Ukiwa na muda wa kutosha na mtu mmoja mmoja, lichukue.

Na kuna la Szmukler na wenzake, 1996, maswali 66, refu kwelikweli, ila lina kitu ambacho mengine hayana, linauliza na mazuri. Nitalirudia chini.

Zarit linapigwaje hesabu?

Kila swali ni 0 mpaka 4: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi, karibu kila mara. Unajumlisha tu, kwa lile la maswali 22 juu kabisa ni 88. Mgawanyo uliozoeleka ni 0 mpaka 20 mzigo mdogo au hakuna, 21 mpaka 40 mdogo hadi wa kati, 41 mpaka 60 wa kati hadi mkubwa, 61 kwenda juu mkubwa sana.

Ila jamani mipaka hiyo isiabudiwe. Haikutoka Temeke wala Kisumu, na mtu mwenye 40 na mwenye 41 hawana tofauti yoyote ya maana. Afu usiripoti wastani peke yake, onyesha ni maswali gani yalipata 3 na 4, maana hapo ndipo utajua familia zinalia nini. Wastani wa 38 haumwambii mganga mkuu chochote. "Zaidi ya nusu ya waliohojiwa wanaogopa kesho itakuwaje wakifa wao" inamwambia.

Nimuulize nani nyumbani?

Swali hili ningeliweka la kwanza kama isingekuwa lazima kueleza mengine kabla. Karibu kila utafiti unamuuliza aliyemleta mgonjwa kliniki siku hiyo. Ni rahisi, yupo pale, anasubiri dawa, hana pa kwenda. Lakini aliyemleta ni nani? Mara nyingi ni mama. Wakati mwingine ni mdogo wake ambaye siku hiyo hakuwa na kazi, au shemeji aliyetumwa kwa sababu ana bodaboda, na huyo shemeji anaonana na mgonjwa mara moja kwa mwezi, siku hiyohiyo ya kliniki. Ukimpa dodoso atajibu vizuri tu, alama 9, unaandika familia haina mzigo.

Afu nyumbani kazi imegawanyika kwa namna ambayo mtu mmoja hawezi kuisema yote. Mama anapika, anafua, anabembeleza dawa zinywewe. Baba au kaka mkubwa ndiye anayeitwa serikali ya mtaa mgonjwa akivunja kioo cha mtu. Mtoto wa kike wa miaka 14 ndiye analala chumba kimoja naye. Mjomba wa Mwanza au dada aliyeko Muscat anatuma hela na kila akipigiwa simu anajua ni tatizo. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja anaamini kipande chake ndicho kizito kuliko vya wengine, hii utaikuta kila nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu, kabla hujatoa dodoso uliza maswali mawili: nani analala naye nyumba moja, na jana tangu asubuhi mpaka usiku nani alifanya nini kwa ajili yake. Andika majina kwa herufi tu, weka masaa pembeni. Inachukua dakika kumi. Hapo utajua nani wa kumhoji, na kama bajeti inaruhusu hoji watu wawili kwa kila nyumba, mmoja aliyekuja na mmoja aliyebaki. Tofauti kati ya alama zao nayo ni data, usiifanyie wastani ukaipoteza.

Supavaiza wako akikataa kwa sababu sampuli itakuwa ndogo, mwambie nyumba 60 zenye watu wawili wawili zinaeleza zaidi kuliko mashemeji 120. Sina uhakika kama atakubali, lakini jaribu.

Naweza kumhoji mbele ya mgonjwa?

Hapana. Hata kama amelala, hata kama unadhani haelewi. Anaelewa. Na mama hawezi kusema "namwogopa" huku anamwangalia usoni. Mpangie mgonjwa azungumze na nesi wakati huohuo, ili wote wawili waone wamesikilizwa.

Watu wengine hawajui kusoma, fomu itajazwaje?

Wasomee. Na usianze na swali la kwanza kama askari wa usalama barabarani. Shikamoo mama, habari za nyumbani, mmefikaje, mmeamka saa ngapi kuwahi namba, hapo tayari umeshapata nusu ya majibu ya nauli na masaa. Yale majibu ya sifuri mpaka nne yanachanganya hata waliosoma, watu wengi watakujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Chukua vizibo vinne vya soda, mwambie kama haijawahi usiweke kizibo, kama ni kila mara weka vyote. Inaenda haraka na hakuna anayeona aibu.

Tukitumia dodoso la Kiingereza tukalitafsiri papo hapo?

Utapata takataka. Kila mhojaji atatafsiri kivyake na mwisho una madodoso matano tofauti. Utaratibu unaokubalika ni watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae walinganishe, mtu wa tatu ambaye hajaliona la mwanzo alirudishe kwa Kiingereza, muone palipopotea, halafu mlijaribu kwa walezi wachache na kuwauliza "umeelewa nini hapa?" kabla ya kuanza kazi yenyewe. Hata likishatafsiriwa vizuri kuna maswali hayatafaa tu. Zarit linauliza kama umekosa faragha, sasa familia ya watu sita chumba na sebule faragha haikuwepo hata kabla ya ugonjwa. Uliza kwa kulinganisha: kabla hajaugua ilikuwaje, sasa ikoje.

Halafu pima kama maswali yanashikana kwa hesabu inayoitwa alfa ya Cronbach, ukipata 0.7 kwenda juu wengi wataridhika. Lakini 0.9 isikuleweshe, maswali yanaweza kushikana vizuri huku yote yanauliza kitu kisicho sahihi.

Gharama za hela tunazipimaje bila kubahatisha?

Tenga mafungu matatu. La kwanza hela iliyotoka mfukoni: nauli, dawa, vipimo, chakula cha njiani, vitu vilivyoharibiwa, fidia kwa majirani. La pili kipato kilichopotea, cha anayeuguza na cha mgonjwa mwenyewe, na hiki cha mgonjwa watu wanakisahau wakati kama alikuwa fundi gereji ndicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko vyote. La tatu thamani ya kazi ya bure, yaani masaa unayomwangalia mara kile ambacho ungemlipa msaidizi kwa kazi hiyo. Angalizo: masaa yaleyale usiyahesabu fungu la pili na la tatu kwa pamoja, utakuwa umehesabu mara mbili.

Tuchukue mfano wa kutunga tu. Mama anauza vitumbua, faida sh. 8,000 kwa siku, mwezi mzima ingekuwa 240,000. Mwezi huu hakwenda siku tano kwa sababu ya kliniki na vurugu za nyumbani, hapo 40,000 imekwenda. Nauli ya watu wawili, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja 600, ni 4,800. Dawa hazikuwepo dirishani wakanunua duka la dawa 25,000. Redio ya jirani imevunjwa, fidia 30,000. Jumla 99,800, imebaki 140,200 ya kula watu sita. Na hapo kliniki yenyewe haikumtoza chochote. Ndiyo maana ukimuuliza mtu "matibabu yanakugharimu kiasi gani" akajibu "bure", usifunge daftari.

Uliza kwa mwezi uliopita, usiulize mwaka mzima, hakuna anayekumbuka. Isipokuwa vitu vikubwa, kiwanja kilichouzwa, ng'ombe, mkopo wa kikoba, hivyo uliza tangu ugonjwa uanze.

Hela ya mganga wa kienyeji na ya maombi nayo inaingia?

Inaingia, kama ilitoka. Familia nyingi zimepita huko kabla ya hospitali na zinaendelea kupita huko zikiwa na kadi ya kliniki mkononi. Uliza bila kukunja uso: "kabla ya kuja hapa mlijaribu wapi na wapi?" Ukionyesha unahukumu hutaambiwa, na fungu kubwa la gharama litabaki gizani.

Mlezi anajibu "namshukuru Mungu" kila swali, alama zinatoka 3. Niziamini?

Ziandike kama zilivyo, ila usiishie hapo. Kuna watu kweli imani inawabeba. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa mahojiano na familia zinazouguza Dar es Salaam, wakataja shida za hela, kukosa msaada wa ndugu, unyanyapaa, vurugu za mgonjwa, na walipoulizwa wanastahimilije, dini na kukubali hali vilikuwa humo. Kwa hiyo kushukuru kwake ni njia ya kuishi, hakudanganyi. Lakini kuna mwingine anashukuru kwa sababu kulalamika kuhusu mtoto wako mbele ya mgeni ni aibu, na anaogopa ukiandika vibaya dawa atanyimwa.

Kinachosaidia ni kuacha hisia kwanza ukauliza vitendo. Jana ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, mara ya mwisho kwenda msibani au harusini ni lini, mara ya mwisho kula umekaa bila kumtazama ni lini. Mtu aliyepata 3 kwenye Zarit akikwambia hajahudhuria msiba hata mmoja wa mtaani tangu mwaka juzi, umeshaelewa. Kwetu kukosa msiba si jambo dogo, na wewe usipokwenda kwa watu siku yako wanakuja wachache, yeye analijua hilo vizuri.

Kuna mazuri yoyote au ni mateso tu?

Yapo, na walezi wanachukia sana fomu zinazouliza mabaya peke yake, wanahisi wanalazimishwa kumsengenya mtoto wao. Lile dodoso refu la 1996 lina sehemu kumi, nane za mabaya na mbili za mazuri: mtu alichojifunza kuhusu nafsi yake, na uhusiano mzuri uliopo kati yake na mgonjwa. Hata kama hutumii lote, malizia na swali moja la namna hiyo, lipi amekufurahisha nalo wiki hii. Watacheka, watakueleza, na mtaachana vizuri.

Wale wanaosema familia ndiyo inasababisha mgonjwa kurudiwa na ugonjwa, ni kweli?

Kusababisha ugonjwa hapana. Ila mazingira ya nyumbani yana uzito wake. Kule London, mtafiti George Brown na wenzake walianza kupima jinsi ndugu wanavyomzungumzia mgonjwa, ukosoaji mwingi, uhasama, au kumganda kupita kiasi, na mwaka 1976 Vaughn na Leff wakaonyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliorudi kwenye nyumba zenye mambo hayo walirudiwa zaidi, hasa wakikaa uso kwa uso na ndugu hao zaidi ya masaa 35 kwa wiki. Watu wakaisoma vibaya wakawapa kina mama lawama. Mimi naisoma hivi: anayekaripia kutwa mara nyingi ndiye aliyechoka kuliko wote na hana wa kumpokea. Mpunguzie masaa uone.

Vipi watoto?

Madodoso mengi hayawaulizi kabisa. Weka swali lako: kuna mtoto chini ya miaka 18 anayesaidia kumwangalia, anafanya nini, wiki iliyopita amekosa shule siku ngapi. Maswali hayo muulize mtu mzima. Ukitaka kumhoji mtoto mwenyewe unahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto, na kamati ya maadili itakuuliza mengi, na inatakiwa ikuulize.

Akiniambia mgonjwa anafungwa kamba au mnyororo nifanyeje?

Usishtuke mbele yake. Anayekwambia ameshakuamini, na wengi wanafunga kwa sababu usiku hawana njia nyingine na mara ya mwisho aliokotwa barabara kuu. Uliza masaa mangapi, akiwa na hali gani, kidonda kipo, anapata maji na choo. Kisha lipeleke kwa timu ya kliniki na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, kwa lengo la kupata dawa au kulazwa, ili kamba ifunguliwe na isirudi. Kama kuna jeraha au hatari ya maisha hilo ni dharura, utafiti unasimama. Na haya yote yawe kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo, kwamba kuna mambo ukiambiwa huwezi kukaa nayo kimya.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Tanzania bara kamati ya chuo chako au NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Zanzibar ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya, Kenya kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Na barua ya hospitali husika. Anza mapema, mapema kweli.

Mlezi naye anaonekana mgonjwa, napimaje?

Dodoso la mzigo halipimi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tumia chombo kingine pembeni. PHQ-9, fomu fupi ya kupima sonona, ipo kwa Kiswahili na imefanyiwa majaribio Kenya na Tanzania, maswali tisa, alama 0 mpaka 27, kuanzia 10 mtu aonwe na mtaalamu. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani nayo ni ndiyo na hapana tu, rahisi kwa wazee. Zote mbili zina swali la mawazo ya kujiua. Usiliruke kwa kuona haya, na usiliulize kama hujapanga nani atamwona huyo mtu leo, kabla hajapanda daladala.

Alama ziko juu, kisha?

Rudi kwenye swali moja moja. Kama kilichopanda ni hela na nauli, ongea na kliniki kuhusu dawa za miezi miwili au sindano ya mwezi, na kuhusu kituo cha karibu zaidi. Kama ni usiku na vurugu, daktari aangalie dozi na muda wa kunywa. Kama ni upweke, vikundi vya familia. Dar na Mbeya kuna programu iliyofanyiwa majaribio inaitwa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, wagonjwa na ndugu zao wanakaa pamoja kwenye kundi wanajifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani hatua kwa hatua. Kama hakuna programu kwenu, ndugu watano wanaokutana kliniki siku moja wanaweza kuanza wenyewe, hata kwa grupu la WhatsApp, mradi waweke sheria ya kutotuma picha za wagonjwa.

Na kama kilichopanda ni kwamba mtu mmoja anafanya kila kitu, itisheni kikao cha ukoo na ile karatasi ya masaa iwekwe mezani. Maneno ya "mama analalamika tu" yanakwisha haraka watu wakiona masaa 16 upande mmoja na sifuri upande wa pili.

Irudiwe baada ya muda gani?

Miezi mitatu mpaka sita inatosha, na mara moja zaidi mgonjwa akirudiwa au akitoka kulazwa. Hakikisha unamuuliza mtu yuleyule. Ukimpima mama Januari na shemeji Juni, halafu ukasema mzigo umepungua, utakuwa umepima shemeji.

Mimi ni ndugu tu, sina mtafiti wala kliniki ya hivyo. Naweza kujipima?

Unaweza. Chukua daftari la mtoto, wiki moja tu. Kila usiku andika vitu vinne: masaa uliyokuwa naye, hela iliyotoka, umelala saa ngapi mpaka saa ngapi, na kitu kimoja ulichotaka kufanya ukashindwa kwa sababu yake. Usipambe. Siku ya kliniki ukifika kwa daktari, kabla hajaanza kuandika dawa zilezile, mpe hilo daftari alisome kwanza.